Vibuyu vya Rodah Havitoki Vitupu

Rodah Cherotich hajui kukubali jambo nusu. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Kapsoit miaka kumi na minne, mimi Magdaline na duka langu la vitambaa, yeye na vibuyu vyake, na sijamsikia akisema "sawa tu" hata siku moja. Husema ndio, au husema hapana. Wanaopenda watu laini hupita mlango wake wakanunue kwingine.

Alizaliwa upande wa Bomet, akaolewa huku, akachuma majani chai mpaka vidole vikashika weusi usiotoka kwa sabuni. Mumewe alipofariki alibaki na ekari moja na nusu ya chai na binti mmoja, Nelvine. Biashara ya vibuyu aliianza kwa hasira. Shemeji yake alimletea mtungi wa plastiki wa kuwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, akamwambia siku hizi hata Wakipsigis wamesonga mbele. Rodah aliurudisha mtungi huo siku hiyo hiyo, akapanda mbegu za vibuyu kando ya chai.

Sasa anavikausha, anavisugua ndani kwa makaa, anavivisha ngozi na shanga shingoni. Na kabla kibuyu hakijatoka mkononi mwake, anakitilia konzi tatu za wimbi, ile nafaka ya uji. Ni mambo ya kwao. Siku ya posa yake, koito kama wanavyoiita, nyumbani kwao hakukuwa na chakula, lakini mama yake alikwenda kwa jirani akakopa konzi tatu za wimbi ili kibuyu cha binti yake kisitoke kitupu. Wageni walipoondoka, mama alilala njaa. Rodah hunisimulia hayo bila machozi, kama mtu anayesoma sheria.

Nelvine ndiye aliyemfungulia duka la mtandaoni. Wateja walikuja kutoka Nairobi, Eldoret, hata Mombasa, lakini kila mmoja alipiga simu kuuliza kumfikishia mzigo ni pesa ngapi, na nusu yao walichoka kabla ya kujibiwa. Ndipo akaitwa Alexander, fundi wa tovuti kutoka Kericho mjini. Aliliunganisha duka na kampuni moja ya kusafirisha mizigo, hivi kwamba mteja akifika pale pa kulipia anachagua mji wake, gharama ya usafiri inajitokeza yenyewe, na lebo inachapishwa kwa Rodah. Kitu kimoja tu Alexander aliomba, uzito wa kila kibuyu.

Hapo ndipo mkulima wa chai alipojikwaa. Kituoni kwetu karani akipima majani, huondoa uzito wa gunia, kinachoandikwa ni majani peke yake. Miaka thelathini Rodah amepimiwa hivyo. Basi naye akapima kibuyu peke yake, bila sanduku na bila wimbi, akaandika gramu mia tano na hamsini. Alijiona mwaminifu kabisa.

Kampuni haikumwona hivyo. Mizigo mitatu ilipimwa kwenye bohari yao na yote ikazidi lebo. Ujumbe ukaja kwamba Ijumaa mkaguzi atafika na mizani yake, atapima masanduku matano, na moja tu likitofautiana na lebo, akaunti inafungwa. Ilikuwa Desemba, msimu wa koito na harusi. Akaunti ikifungwa, pale pa kulipia panakufa, na duka linakufa napo.

Alexander alikuja Jumatano. "Mama Nelvine, hii si majani chai," akasema kwa upole. "Hawa wanapima kila kitu, mpaka selotepu. Kibuyu na boksi ni gramu mia tisa. Ukiongeza wimbi inakuwa kilo moja na mia mbili, na ukipita kilo moja tu, delivery inapanda. Customer akiona hiyo bei anatoka kwa page. Toa hiyo wimbi."

"Hapana," Rodah akasema.

"Mama, ni wimbi tu."

"Ni wimbi tu kwako. Mimi siuzi mtungi. Mtu akitaka kitu tupu, aende supermarket, zimejaa."

Nilimwunga mkono Alexander. Nilimwambia Rodah kwamba mteja wa Nairobi haijui wimbi ile, ataimwaga kwenye sinki. Akanijibu kwamba akiimwaga, hiyo ni dhambi yake, si ya aliyeitia. Nilikasirika. Nilimpenda na nilikasirika, kwa sababu nilikuwa naona mtu akizika duka lake kwa mikono yake mwenyewe.

Alexander akaweka gramu mia tisa kwenye mtandao, akafunga kompyuta yake. "Kama hutaki, badilisha mwenyewe. Password unayo," akasema, akarudi Kericho. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba Rodah hutumia simu kwa kidole kimoja.

Ijumaa asubuhi masanduku matano yalikuwa mezani kwake, yamefungwa na kubandikwa lebo. Yeye alikuwa amepeleka maziwa. Ufunguo huniachia. Niliingia, nikakata selotepu, nikamwaga wimbi yote kwenye beseni, nikafunga tena sanduku moja baada ya jingine, vizuri kabisa, kwa mkono uliozoea kufunga vitambaa. Lebo sikusoma. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hakika kwamba ninaokoa nyumba inayoungua.

Mkaguzi, bwana mmoja mpole aitwaye Chege, alifika saa nne. Akaweka sanduku la kwanza kwenye mizani. "Gramu mia tisa," akasema. Kisha akainama kwenye lebo. "Hapa imeandikwa kilo moja na mia mbili."

Nikainama nami, nikaisoma lebo niliyoiruka asubuhi. Rodah alikuwa amekesha na Nelvine kwenye simu, kidole kimoja, kibuyu kwa kibuyu, akiandika uzito wa kweli wenye wimbi ndani. Tena chini ya gharama, pale kila mteja anapopaona kabla ya kulipa, alikuwa ameandika: Uzito huu una wimbi. Kwetu kibuyu hakitoki kitupu.

"Labda lebo ya pili," Chege akasema, akapima. Mia tisa. Akafungua daftari. "Mama, tofauti ni tofauti. Hata kama umejipunja mwenyewe."

Rodah hakumtazama Chege. Alilitazama sanduku, akaona selotepu yangu, kwa sababu yeye hukata kwa meno na mimi hukata kwa mkasi. Akageuka.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitoa asubuhi. Nilitaka upite."

"Karani hunitolea uzito kwa sababu ndiyo kazi yake," akasema, sauti haikupanda. "Wewe ulinitolea kwa nini, Magdaline?"

Nikaenda kuleta beseni la wimbi.

"Mama, siwezi kungoja mfunge mzigo upya," Chege akaanza.

"Utangoja," Rodah akasema. "Ulikuja kupima kama lebo inasema kweli. Lebo inasema kweli. Aliyedanganya ni sanduku, na nalitengeneza mbele yako. Ukitaka kufunga akaunti, funga baada ya kuona."

Chege akatazama saa, akavuta kiti.

Rodah akafungua masanduku. Akachota konzi tatu, akatia, akafunga, akaweka juu ya mizani. Kilo moja na mia mbili. La pili hivyo hivyo. Mkono wake haukuhitaji kipimo. La tatu na la nne, na Chege akawa anaandika bila kuinua kichwa.

La tano akanisukumia mimi.

Nikachota konzi tatu. Wimbi ilinipita katikati ya vidole, baridi, nikakusanya hata zilizodondoka mezani. Nikafunga, nikaweka juu ya mizani mwenyewe. Kilo moja na mia moja. Mkono wangu ni mdogo. Kalamu ya Chege ikasimama.

"Ongeza," Rodah akasema.

Nikafungua, nikaongeza, na kalamu ya Chege ikaendelea.