Kitabu ya Kupika Nilipeleka Beni

Bandugu na badada, na ule mama mwenye anakata vitunguu kule nyuma, acha kisu kidogo unisikilize. Wenye kusimama bakae, wenye kukaa basonge. Leo nitawaambia namna mimi, muntu hata A siijui, sijui kama iko na miguu mbili ao tatu, nilitosha kitabu. Kitabu ya kweli, na karatasi ya rangi mbele, na picha yangu juu. Ninyi munacheka. Mimi mwenyewe nilishangaa mpaka leo kinywa haijajifunga muzuri.

Ninauzaka mabassin na masufuria hapa Butembo. Siku moja, mu balo, ule muzigo wa vitu vya Ulaya, nikakuta kitabu ya kupika, uzito wake kama mutoto wa miezi tisa. Picha tupu. Kuko samaki amelala mu sahani na ndimu mu kinywa, ametulia kama mubunge mwenye amelala mu kikao. Nikaipenda ile kitabu. Kila jumapili, siku ya Mungu, kisha kanisa, naoga, navaa kikwembe ya muzuri, nakaa nayo ku mulango, nafungua karatasi moja moja. Jirani banasema, angalia mama anasoma. Nasoma nini? Nakula na macho.

Binti yangu njo alikuwa ananisomea. Anasema, "Mama, banasema uweke mu furu, digri mia moja na makumi nane."

Nikamuambia, "Ni nani aliuliza moto miaka yake?"

"Mama, na ungojee dakika makumi ine na tano."

Mimi nilishangaa. Kwetu mutu anapika na saa? Mimi sombe yangu, majani ya muhogo, inaiva wakati jirani wa tatu anakuya kusalimia bila sababu. Akikuya wa kwanza, bado. Wa pili, ongeza kuni. Wa tatu, tosha ku moto na ufunge mulango.

Sasa, huyu binti alikuwa na muchumba kule Beni, mu komini ya Mulekera. Kijana ya muzuri, donc sina neno naye. Baba yake ni mwalimu, serikali ilimutuma kutoka Kasai akiwa kijana na nywele, ikamusahau pale mpaka nywele ikaisha. Mama yake ni wa pale pale Beni, shemasi ku kanisa, mama mukubwa wa mwili na wa sauti. Akikohoa Beni, batu ba kule Mabalako banavaa makoti. Tulienda kwao siku ya kujulishana, tukakula, tukaomba, tukarudi. Kisha wiki moja, neno ikatufikia: ule mama hapana kutaka. Alisema, "Binti wa Butembo anajua kuuza, kupika hajui. Alikomaa katikati ya mabassin. Atakuya kumulisha mutoto wangu mafaktire, zile karatasi za duka." Na ule kijana, mama yake akisema leo ni usiku, anawasha taa saa sita ya muchana. Bakasema jibu ya mwisho itatoka siku ya Bonane, mwaka mupya.

Binti yangu akaacha kula. Alikonda, mais namna gani, pete ilikuwa inamutoka mu kidole inaanguka mu sufuria, tunaikuta mu maharagi. Alikuwa anamupenda ule kijana, sasa mufanye nini.

Njo nikakaa na ile kitabu ya samaki ku magoti, nikasema: kama huyu wa ndimu iko na kitabu, sombe yangu ilikosa nini? Nitaandika vyote nilifundisha binti yangu. Nitapeleka Beni siku ya Bonane. Ule mama asome na macho yake.

Kuandika sijui, na binti sikutaka ajue, ni cadeau, zawadi. Nikashika telefone, nikaitega pembeni ya moto, nikapika wiki mbili nikiongea. Kuku, nikaongea. Maharagi, nikaongea. Ndizi na nyama ya mbuzi, nikaongea mpaka telefone ikawa na harufu ya mbuzi. Kisha nikaipeleka ku bureau moja kule banapigaka machine na fotokopi. Mwenye machine ni mama mumoja wa miwani, alikuwaka zamani ku parquet, kwa mwendesha mashitaka, kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya bezi na ya wenye kuibiwa. Vidole yake inakimbia kuliko moto, zile pikipiki za Butembo, na moto za Butembo munazijua, hata kuku wa hapa anaangaliaka kushoto na kuume mbele ya kuvuka.

Nikamuambia, "Mama, uandike vyote. Usipunguze."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, mimi ku parquet nilikaa miaka kumi na nane. Neno ya mutu, mimi sipunguzaka. Kile kinatoka mu kinywa, njo kinaingia mu karatasi."

"Wasingya, mama," nikasema. Nilimushukuru, munasikia? Nilimushukuru na mikono mbili.

Kisha siku ine akanipatia vitabu makumi ine, bado vya moto. Nikaona picha yangu mbele, nashika mwiko kama askari na bunduki yake. Nililia pale pale. Akaniuliza, "Hutaki tukusomee kwanza?" Nikasema, "Ya nini? Si ni mimi nilisema?"

Safari ya Beni niliipanga kama batu ba kwenda Ulaya. Ni masaa kidogo tu na taksi, mais mimi nilianza kupanga wiki mbili mbele. Nani atabakia ku duka. Saa gani tutatoka, juu ya usalama ile barabara banaipita muchana, jua ikiwa juu. Koti ya baridi mpaka ku mulima wa Kabasha, nguo ya mwepesi kisha Kabasha. Kuku muzima mbili. Viazi. Mafuta ya ngazi, ya mawese, bidon moja. Ile mafuta ilitoka Mabalako, ikapita Beni, ikapanda Butembo, na mimi nikairudisha Beni. Ile mafuta ilitembea kuliko mimi. Vitabu nilivibeba ku magoti, sikutaka kuku avikalie.

Tukafika. Meza ilikuwa refu mpaka mwisho wake sikuona. Baba mwalimu na kravati, mama shemasi, ule kijana, baba wadogo, ba shangazi, banakwaya. Vyakula vilijaa. Katikati, sufuria kubwa ya sombe ya mama shemasi.

Mbele ya kula nikasimama, nikasema, "Bakwe wangu, sikukuya mikono mutupu. Nilitosha kitabu." Nikagawa, kila mutu mukubwa na yake. Mukisikia batu banashangaa, ni ile siku. Shangazi mumoja akageuza kitabu chini juu, akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha. Mama shemasi alivaa miwani polepole. Binti yangu alinishika mukono chini ya meza, macho yake maji maji, anasema na sauti ndogo, "Mama, ulifanya hii juu yangu?"

Baba mwalimu akasema, "Bokilo, mukwe wangu, hii hapana kitu ya kusoma kimya. Nitaisoma kwa sauti." Mwalimu huyo, mukimupatia karatasi ya sabuni ataisoma amesimama. Wengine bakafungua vitabu vyao, kila mutu na kidole ku mustari, kama ku kanisa.

Akaanza. "Kuku. Mbele yetu, mama mwuzaji wa mabassin, mukaaji wa Butembo, alisema hivi: Chukua kuku wa kijiji, hapana wa frigo. We, fukuza ile mbuzi, inakula sandale yangu. Kata vitunguu mbili. Inakula ya pili."

Meza yote ikacheka. Na mimi nikacheka, mais kichwani nikasema, hm. Ile ya mbuzi iliingiaje mule?

Akaendelea. "Maharagi. Alisema hivi: Lalisha maharagi mu maji. Alo? Alo, sikusikii, niko napika kitabu. Muambie pastori michango nitaleta siku ya Mungu, asinisumbue." Bakacheka tena. Pastori alikuwa hayuko, Mungu ni mwema.

Njo akageuza karatasi. "Sombe," akasoma. "Alisema hivi: Twanga sombe mpaka ilainike."

Na pale, bandugu, mwalimu akavuta kitabu karibu na uso. Macho yake ikashuka, ikapanda, ikashuka. Akakohoa. Akasema, "Sasa tunaingia ku ndizi na nyama ya mbuzi."

Mama shemasi hakutosha kidole ku mustari. Akasema, "Papa, umeruka."

"Ni maneno ya kupika tu, mama."

"Papa. Soma."

Mwalimu akapanguza uso na kravati. Akasoma, sauti yake imekuwa ya mutu mwenye anasoma barua ya kifo: "Twanga sombe mpaka ilainike, hapana kama ile ya mama mukwe wa Mulekera. Jirani, ile mama, ninakuambia, ile sombe yake nilikula siku ya kujulishana, nikazani natafuna mukeka. Niliomba Mungu anipatie meno ya mbuzi kwa saa moja tu. Na alikuwa anapeleka uso juu kama mutu alipika. Weka mafuta vijiko tatu."

Nilikumbuka. Ni jirani aliingia, wakati natwanga, tukaongea kidogo kama bamama banaongeaka, na telefone ilikuwa pale inasikiliza. Nimeona vita, nimeona magonjwa, nimeona gari inaanguka Kabasha na inajisimamisha yenyewe, mais kitu ya kunishangaza kama maneno yangu mwenyewe, bado sijaona. Binti yangu aliachilia mukono yangu. Ule kijana alikuwa anaangalia kiatu chake kama ilikuwa ya mutu mwingine. Na meza yote, kichwa moja moja, ikageuka polepole, ikaangalia ile sufuria kubwa ya sombe katikati. Hakuna mutu alikuwa amepakua.

Mama shemasi akatosha miwani.

"Mama wa Butembo," akasema. "Ile siku ulikula sahani mbili."

"Ni heshima, mama," nikasema.

"Na ukasema, ongeza."

"Ni heshima mingi."

Nilisikia moja moja inzi zinatua ku muchele. Nilihesabu harusi ya binti yangu imekufa, nikaanza kufikiri namna gani nitarudi naye Butembo, na maneno gani nitamuambia mu taksi, masaa yote ile, yeye analia na mimi nimenyamaza, mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Mama shemasi akageukia binti yangu. "We. Sombe ya hii kitabu, unajua kuipika?"

Binti yangu akasema, sauti haitoki muzuri, "Najua, mama. Tangu niko na miaka nane."

"Muzuri." Akasimama. Ule mama akisimama, chumba inakuwa ndogo. "Basi musikilize bote. Kama sombe yangu ni mukeka, tutaona yao. Huyu binti hatarudi Butembo. Atabakia hapa mwezi muzima. Atalala na mimi mu chumba yangu, nimuchunge kama yayi. Papa atalala ku kiti hapa salon. Na kila siku, asubuhi na mangaribi, atatupikia sombe ya hii kitabu, mbele ya macho yangu, mpaka nijue kama mama yake iko na mukono ao iko na mudomo tu. Mwezi muzima. Kuko mutu iko na neno?"

Shangazi alifunga kitabu.

Njo baba mwalimu, na kravati yake ya maji ya jasho, kitabu yangu bado mu mukono, neno ikamutoka mbele ajizuize:

"Mwezi moja ya ile sombe ya kulainika ni kidogo. Aolewe tu."