Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Watu wakianza kusifu kabichi za kijiji chetu cha Ujamaa, huwa nanyamaza kwa adabu tu. Leo sinyamazi.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Shume, na nyuma yake migomba ilisongamana hata jua la mchana halikufika chini. Pale alizikwa mdogo wangu aliyenifuata. Hakufikisha wiki, hakuwahi kubatizwa, kwa hiyo makaburi ya kanisa hayakumpokea. Baba alichimba, bibi na shangazi wakamlaza, basi. Hakuwekewa msalaba wala jiwe. Kwetu mtoto wa namna hiyo hatajwi, hasa mbele ya wanaume.

Kilichoonyesha mahali pake ni mmea. Jina lake silijui. Ni ndugu yake kuvumwani, ule ukijani laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu, ila huu hulala bapa, vipande vyake vya kijani vikigawanyika mbili mbili, vimegandamana na udongo kama vimebandikwa. Juu yake una vikombe vidogo kuliko punje ya mtama, na ndani mna chembe za kijani. Tone la mvua likipiga, chembe zinaruka na kuota pembeni. Kwa kuwa hakuna aliyelima pale, mmea ule ukapafunika pote. Kiangazi mama alipamwagia maji ya kuoshea mboga. Nilipopata akili akanionyesha, akaniambia nisipakanyage.

Halafu likaja shamba la pamoja la kabichi, kule bondeni. Bwana shamba alitaka udongo mweusi wa kivulini kwa ajili ya kitalu, akawa anazunguka na mwenyekiti wa kijiji nyumba kwa nyumba. Walipofika kwetu akapiga goti, akaubandua mmea kwa ncha ya panga, akanusa udongo, akafurahi kweli. Mama akaja kusimama mbele yao.

“Hapo pana mtu,” alisema.

Mwenyekiti akatazama chini, akaona ukijani tu. Akamjibu kwa ule upole wa kumbembeleza mtoto, eti ardhi sasa ni ya wote na mwananchi mwema hafichi udongo. Mama akamgeukia baba. Baba si alichimba mwenyewe? Sentensi moja tu kutoka kwake ingetosha, wale wangevua kofia na kuondoka. Lakini aliona haya mbele ya viongozi, akainamia vidole vya miguu yake. Hilo linanichoma mpaka leo.

Wakachota kwa karai, wakachimba mpaka magotini. Hawakuona kitu. Mtoto mdogo vile, kwenye unyevu ule, kingebaki nini? Alishakuwa udongo. Wakambeba kichwani huku wanaimba.

Kesho yake mama alikwenda bondeni akaomba kazi ya kumwagilia kitalu, tena tuta lile lenye udongo wa kwetu. Hakuna aliyemuuliza sababu. Matuta yalikuwa yameezekwa majani ya migomba kuzuia jua, yakamwagiliwa asubuhi na jioni, na haukupita muda mmea ukachomoza katikati ya miche. Bwana shamba akaamuru ung'olewe, kwamba ni uchafu. Wengine waling'oa. Mama aliuacha, akamwagilia, na alipogombezwa alijifanya hasikii. Jumapili akitoka kanisani alipitia huko na vazi lake la ibada. Wanawake wenzake walimtania kwamba ameolewa na kijiji, na wanaume wakawa wanasema huyu ndiye mjamaa wa kweli. Mjamaa! Nilikuwa nachota naye maji mtoni, nauona uso wake, na nilitamani niwaparure.

Kabichi zilipopakiwa kwenye lori la kushuka Mombo, mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mama akaitwa mbele. Mwenyekiti akahutubia kwa kirefu juu ya moyo wa kujitolea, kisha akamkabidhi jembe jipya, zawadi ya mfanyakazi bora. Watu wakapiga makofi. Mama akashukuru kwa sauti ndogo, akarudi kuketi. Mimi mikono yangu niliikalia. Nikageuka nikamwona baba: anapiga makofi, tena anatabasamu!

Nyumbani baba alilipapasa lile jembe, akalisifu kuwa ni chuma kizuri. Baba mdogo alikuwepo, na mzee jirani pia. Safari hii mama hakuficha tena, hata mbele ya wanaume.

“Kawarudishie,” alimwambia baba. “Waambie sikuwa namwagilia kabichi zao. Nilikuwa namnywesha mwanetu.”

Wanaume wale wakaaga wakatoka.

Baba hakulirudisha. Alililimia miaka mingi mpaka likachakaa, na mama hakulishika hata siku moja.