Breka za Boti Kwenye Nyumba ya Bibi

Harufu ya ile boti niliisikia kabla sijaiona. Ilikuja Sofu, Kibaha, juu ya lori, mchana wa likizo ya mwezi wa sita, ikashushwa kwa magogo na kelele nyingi kwenye kiwanja kitupu jirani na kwetu. Ilikuwa ya kubebea samaki, rangi imebanduka kama mgongo wa mbwa mwenye upele, na ilinuka samaki waliooza, dizeli na mkojo kwa pamoja. Mwenye boti, mzee Sefu, alikuwa mkazi wa hapo hapo na alitaka itengenezwe mbele ya macho yake. Kibaha hatuna bahari, basi siku hiyo hiyo mtaa ukampa jina. Akipita dukani vijana wanamwita, “Mzee Nuhu, shikamoo! Mvua lini, tujiandae?” Naye hageuki: “Marahaba. Nafasi zenu nimeshawapa mbuzi.”

Baba yangu alikuwa fundi umeme. Alipewa kazi ya kubadilisha breka zote za boti, yaani vile viswichi vinavyojikata vyenyewe umeme ukizidi, kabla waya haujashika moto. Zilikuwa sita, kuukuu kuliko mimi niliyekuwa na miaka kumi. Boti ilikuwa na jenereta ya kuendesha friji la samaki, na boksi la breka walilifunga chini kabisa, pale maji ya samaki yanapotuama. Baba alipofungua kifuniko, mende walimwagika mpaka nikapanda juu ya benchi. Ndani mlikuwa na chumvi iliyoganda, ya kijani kama kamasi, mayai ya mende yamejibana kwenye matundu ya skrubu, na ute mweusi ambao mpaka leo sijui ulikuwa nini. Breka moja ilikuwa imefungwa kwa mshipi wa kuvulia ili isiweze kuanguka, yaani isikate umeme hata ukizidi. Baba alitema mate. “Aliyefanya hivi,” akasema, “huyu si fundi. Huyu ni muuaji.” Nayaandika maneno hayo kama alivyoyasema, nisije nikamwongezea wala kumpunguzia.

Mzee Sefu alileta breka mpya kwenye maboksi yake, na lazima niseme kweli, baba alizifunga vizuri sana. Kazi ile haikuwa na kasoro. Mzee alimwambia zile za zamani azitupe mbali, asizione tena. Baba akajibu, “Zimeshakwenda, mzee.” Wakati huo zilikuwa kwenye ndoo nyuma ya jiko letu. Jioni alinipa petroli kidogo na mswaki uliochakaa, nikazisugua moja moja. Mayai ya mende yalinipasukia kwenye kucha. Baba akazichukua, akawa anazipandisha na kuzishusha kwa kidole gumba, ka, ka, ka. “Unasikia zinavyolia? Nzima hizi.” Nyumba ya mama yake, bibi yangu wa Maneromango, ilikuwa inaingizwa umeme kwa mara ya kwanza. “Kule ni taa mbili na redio tu,” akasema. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nadhani ule mlio alikuwa anauamini kweli.

Tulikwenda wawili kwa basi. Pale Kisarawe mjini aliniteremsha, akaninunulia soda nzima peke yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akasema taratibu, “Mambo ya boti tusimchoshe nayo bibi.” Nikaitikia huku povu likinitoka puani. Sijui kama nilinyamaza kwa heshima au kwa soda. Baba alizifunga zile za boti, na bibi alifurahi mno. Breka za jirani zilikuwa zinaanguka kila mara, zake kamwe. Akawa anamtania jirani juu ya ua: “Wewe umeme wako unazirai kama mwali. Njoo uone wa mwanangu!” Akinigeukia ananiambia, “Au siyo, mke mwenzangu?” Mimi natabasamu, na kinywani nasikia petroli.

Mwaka haujaisha, binamu yangu Neema akapata kipaimara, ukoo wote ukakusanyika kwa bibi. Shangazi alikuja na jiko la umeme kutoka Dar, akalichomeka ili mchuzi uwahi. Wali ukiwa umeshaanza kupakuliwa, ile harufu ikanifikia. Samaki walioungua, mende walioungua. Ilikuwa inatoka ukutani. Breka zote sita zilikuwa zimesimama wima, hakuna hata moja iliyoanguka, na boksi lilikuwa linayeyuka na kudondoka kama nta kwenye gauni jeupe la Neema lililotundikwa chini yake. Baba aliruka akang’oa waya wa jiko. Bibi alirukia gauni. Alipolitoa, plastiki ilikuwa imeshamganda vidoleni, na ilipobanduliwa ilitoka na ngozi.

Watu wakamgeukia fundi. Baba akafuta jasho, akasema, “Umeme wenyewe siku hizi unakuja na nguvu mbaya.” Wote wakaafiki, wakaanza kuusema umeme. Bibi, mkono ndani ya beseni la maji, akasema, “Mwanangu msimguse. Kazi yake aliifanya vizuri.” Baba akanitazama mara moja tu. Mimi nikatazama wali wangu. Neno muuaji lilinijia, nikalimeza pamoja na tonge, kisha nikatoka nje kutapika. Wakasema mtoto ameona moto.

Wiki iliyofuata baba alirudi akafunga breka mpya bila kumwambia mtu. Hilo pia ni haki yake liandikwe. Bibi aliishi miaka mingi, akafa kwa uzee, vidole viwili vya mkono wa kulia vimepinda. Siku hizi baba anakaa kwangu, hapa hapa Sofu. Breka zangu nilizinunua mimi, na boksi lake nililifungua mbele ya fundi. Baba akipiga pasi wakati birika linachemka, moja inaanguka, naye hulalamika, “Mama, breka zako hizi zina woga.” Naenda, nainusa kwanza, ndipo naipandisha. Jana ilianguka mara mbili. Mara ya pili nilimkuta amesimama mbele ya boksi, kidole gumba kimenyooka, hakuigusa. “Iache kwanza,” akasema bila kunitazama. “Imeona kitu.”

Nikasema, “Ndiyo, baba.” Na bado nikainusa.