Aliyelishona Joho la Mabawa

Mama Pindo hakupewa jina hilo bure. Sketi ya shule akiipiga pindo yeye, mtoto humaliza shule na uzi haujachomoka. Alikuwa mjane, fundi wa sare, mwenye maringo kidogo ya kazi yake, na kitu kimoja tu kilimshinda: kumnyima jambo kitinda mimba wake.

Binti mwenyewe alikuwa chuoni, na roho yake yote iko kwenye katuni za Kijapani. Mama mtu akimcheka kila siku. "Mtu mzima na katuni! Utaolewa na kikaragosi?" Lakini siku alipoletewa picha ya joho lenye mabawa, mama wa watu aliishika, akaisogeza dirishani, akauliza, "Hapa begani wameunganishaje?" Kwisha habari yake.

Tangu hapo sare zikalala. Mwalimu mkuu, mteja wake mkubwa kuliko wote, alipopiga simu kuulizia sketi zake, Mama Pindo alijibu kwa sauti ya mgonjwa. "Mgongo, mwalimu. Hata kukaa siwezi." Na huku amekaa, mguu uko kwenye cherehani! Binti, aliyekuwa amemshikia kitambaa, aliziba mdomo asicheke. Mwalimu akatoa pole, tena akamtumia dawa ya kuchua. Wanafunzi wake wakaendelea kwenda shule na nguo za nyumbani.

Tamasha la wapenzi wa katuni hizo lilikuwa dogo. Ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, meza ya michoro na vibandiko. Kona moja watu wanaimba nyimbo za Kijapani wasizojua maana yake, lakini wanazo mwanzo mwisho. Vijana wenye mapanga ya maboksi wanapigana, wakigongana wanaombana radhi. Mama Pindo alikaa nyuma, anangoja joho lake kwa raha zake.

"Mama Pindo! Mgongo unaendeleaje?"

Loo! Mwalimu mkuu huyo, kaletwa na mjukuu wake, anavuta kiti cha jirani.

"Afadhali kidogo, mwalimu. Nimejikongoja tu."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea.

Yakaja mashindano ya mavazi. Sharti lilikuwa moja: vazi la dukani haliingii. Anayeshindana humtaja aliyeshona, na aliyeshona husimama aulizwe na waamuzi. Binti akapanda jukwaani na nywele za bandia za buluu, uso umepakwa rangi hata jirani asingemtambua. Akayafungua mabawa. Ukumbi mzima ukapiga yowe.

"Jamani, hiyo ndiyo kazi!" mwalimu akasema. "Nani kashona?"

Mshereheshaji naye akauliza hilo hilo. Binti akacheka kwa furaha. "Mama yangu! Yupo humu humu. Mama, simama!"

Shingo zikageuka. Mama Pindo akainamia sakafu. Alitaka kusimama, Mungu ni shahidi, lakini ule mgongo wa kwenye simu ukamkalisha. Pembeni yake mwalimu naye ananyoosha shingo kumtafuta huyo mama.

"Mama?"

Hakuna aliyesimama.

"Mama yako ni duka!" kijana mmoja akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Hapo macho ya binti yakamfikia mama yake, kisha yakamwona aliyekaa naye. Kicheko kikamkauka. Akakishika tena kipaza sauti.

"Samahani," akasema. "Nimedanganya. Nimelinunua."

Wakamzomea mpaka akashuka. Mwalimu akasonya. "Watoto wa siku hizi! Uongo mbele za watu, hata haya hana. Sijui mama yake anamfunza nini."

"Kweli, mwalimu," Mama Pindo akajibu. "Hata mimi sijui."

Maneno yalimtoka mwenyewe, kwa kinywa chake, na aibu ikamshika mwili mzima. Akainuka bila kuaga, akamfuata binti kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alimkuta amekwisha kuvua, analikunja joho polepole ili mabawa yasivunjike. Mama Pindo akafungua mdomo amwombe radhi, yakaja machozi.

Binti akamshika mkono. "Usilie, mama," akamwambia. "Hakuna aliyejua kuwa ni wewe."