Kete Tatu za Fundi Viatu

Shemeji yangu, fundi viatu, hawezi kutupa kitu. Kibandani kwake kuna kiatu cha mguu mmoja ambacho mwenyewe alishahama mji, na bado kinapigwa rangi. Dada yangu, aliyeolewa naye kwa hiari yake, huingia humo ubavu ubavu.

Ugonjwa huo anao hata kwenye Go, mchezo wetu wa Jumamosi nyuma ya duka la miwani. Ni mchezo wa ubao uliotoka China: mnaweka kete kwa zamu kugombea eneo, na unazizingira za mwenzako. Zikikosa pa kupumulia, zinatolewa ubaoni. Mtu mwenye akili timamu akiona kete zake mbili tatu zimebanwa, huziacha zife, akajenga kwingine. Shemeji huziokoa.

Ilibaki nafasi moja kwenye timu ya kwenda kucheza mji wa jirani. Wote wawili tuliitaka, yeye zaidi, maana hajawahi kuchaguliwa. Tukakaa ubaoni kuigombea. Katikati ya mchezo nikambana kete tatu. Akaongeza ya nne kuziokoa, ya tano, ya sita, nami namfukuza polepole, mpaka msururu wote ukagota kwenye kundi lake kubwa la pembeni, nalo likakosa pa kupumulia. Nikala vyote kwa mpigo. Nikaanza kuwaza nitavaa shati gani safarini.

Lakini kocha wetu, mama mwenye duka, hatoi nafasi mpaka mchezo uchambuliwe na kila mmoja aonyeshe alipokosea.

Fundi akaanza kulaumu kigoda, kwamba kinayumba. Akailaumu na taa, kwamba haimuliki vizuri. Kocha akamtazama juu ya miwani yake.

"Fundi, rudisha kete nyuma."

Akazirudisha moja moja, mpaka zikabaki zile tatu. Akazitazama kwa huruma, masikini.

"Ni hapa, mama. Zilikuwa zimeshakufa, mimi bado nazishonea soli."

"Ungefanyaje?"

Akaweka kete mbali kabisa, kona ya juu, nilikoacha wazi wakati nikimfukuza. Angecheza pale, ningekuwa nimekwisha.

"Na wewe ulikosea wapi?" kocha akaniuliza.

"Mimi nilishinda, mama."

"Nimeona. Ulikosea wapi?"

Nikautazama ubao, nikajikuna kichwa. "Labda nilichelewa kumshinda."

Nafasi akapewa fundi. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza kocha tangu lini aliyepigwa akavishwa taji.

"Mwenzio kosa lake analijua," akasema, akifuta meza. "Wewe lako utalirudia."

Leo asubuhi wameondoka, fundi akiwa dirishani, anapunga mkono kama bwana harusi. Mimi nimebaki na ubao. Nimezipanga kete upya, nimezipangua, nimezipanga tena. Dada amenipitia mara mbili na chai, amecheka. Haki ya Mungu, kosa langu silioni.