Magoti ya Ofisa wa Mitihani

"Mwanafunzi alimshambulia mfanyakazi kwa kumkamata miguuni."

Nilisomewa sentensi hiyo nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae. Aliyesoma alikuwa mkuu wa ulinzi wa chuo, mwanamume mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, na alisoma taratibu kama mtu anayemsomea mgonjwa. Binti yangu wa miaka miwili na nusu alikuwa mgongoni kwangu, amefungwa kanga, amelala, kifua kinakoroma.

"Unakubali?"

"Nakubali nini?"

"Kwamba ulimshambulia."

Wiki nzima nilikuwa nimemeza hasira. Nilimeza dirishani, nikameza getini, nikameza njia nzima kutoka chuoni Doornfontein hadi chumbani kwangu Hillbrow. Pale sikuweza tena. Nilitoa mkobani karatasi za somo, zile walizotugawia wenyewe, nikazibamiza mezani mpaka chai yake ikaruka na kumwagikia ile taarifa.

"Soma hapo! Ukurasa wa pili! Jumatatu mnanifundisha, Alhamisi nikifanya mnaniita mhalifu!"

Mtoto akazinduka, akaanza kulia. Sikumbembeleza. Kwa mara ya kwanza tangu nimzae nilimwacha alie, maana nilichokuwa nataka kusema alikuwa anakisema yeye vizuri zaidi.

Mkuu wa ulinzi aliinua karatasi moja kwa ncha ya vidole, chai inachuruzika. "Hii ni karatasi gani?"

"Somo."

"Somo gani linafundisha watu kushikana miguu?"

Ni tenzi za kale za Wagiriki. Najua inavyosikika. Mama mmoja asiye na pa kumwacha mtoto, anaishi ghorofa ya kumi na moja kwenye jengo lenye lifti iliyokufa, anahangaika na mashujaa wa maelfu ya miaka huko nyuma. Lakini kozi ya matayarisho ilikuwa na masomo matano, na ukifaulu yote unapata nafasi ya kusomea ualimu kwenye chuo kikuu kule Braamfontein. Nilimaliza kidato cha nne Muheza, nikaja Johannesburg kumfuata baba wa mtoto, naye akaenda Cape Town kwa wiki mbili. Mtoto amejifunza kutembea na kuongea, wiki mbili hazijaisha. Kwa hiyo ualimu kwangu si ndoto. Ni mlango mmoja tu uliobaki haujafungwa.

Somo la tenzi nililichagua kwa sababu ya bibi yangu, aliyekuwa na tenzi nzima kichwani na hakujua kuandika jina lake. Nilitegemea kukuta dua na nasaha. Nikakuta wanaume wanagombania sifa mpaka wanasahau walichofuata vitani, na wanawake wanagawanywa pamoja na ngao na masufuria. Niliandika pembeni mwa daftari: "Hawa watu ni wapumbavu." Wiki iliyofuata niliandika tena. Ya tatu nikaacha kuandika, nikawa nasikiliza.

Maana ndani ya upumbavu ule kulikuwa na mambo ya nyumbani kwetu. Mgeni akija haulizwi jina. Ananawishwa, anakalishwa, analishwa, akishiba ndipo unamuuliza katokea wapi. Nilinyoosha mkono nikasema kwetu Muheza ni hivyohivyo, bibi angekuchapa ukimuuliza mgeni shida yake kabla hajala.

Dada mmoja wa nyuma akasema, "Hapa tunaanza na kibali. Chakula utajitegemea."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Angalau alikuwa mkweli.

Jumatatu ile mhadhiri alitufundisha habari za mwombaji. Ni mzee mwembamba, anatumia chaki wakati skrini ipo nyuma yake. Alisema katika tenzi zile anayeomba anashuka chini na kushika magoti ya anayemwomba. Mkono ukiwa pale, mwenye magoti amefungwa, hawezi kupita kama hajamwona. Hata adui. Hata baba aliyekwenda kuomba maiti ya mwanawe kwa mtu aliyemuua. Kumsukuma mwombaji ilikuwa aibu inayobaki kwenye jina la mtu.

Hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Nilipokuwa kidato cha pili nilifukuzwa shule kwa utoro. Nilikuwa namuuguza bibi. Mama yangu alikwenda na kitenge chake kizuri, akapiga magoti mbele ya mwalimu mkuu, akamshika miguu. Mwalimu mkuu, mwanamke mkali kuliko wote niliowahi kuwajua, aliinama akamshika viwiko. "Inuka, mama. Inuka kwanza." Akamkalisha kwenye kiti, akaagiza maji. Halafu akasema hapana. Muhula uliofuata alinirudisha, lakini siku ile alisema hapana, na mama alitoka pale kichwa kiko juu. Ndivyo ilivyo kwetu. Ukishikwa magoti, unamwinua mtu kwanza. Jibu ni jambo la pili.

Siku ya pili yake, Jumanne, ilikuwa siku ya jaribio la somo hilohilo. Asiyefanya jaribio haruhusiwi kuingia mtihani wa mwisho, hiyo ndiyo kanuni. Alfajiri kifua cha mtoto kilibana mpaka mbavu zikawa zinaingia ndani. Kreshi haimpokei mtoto anayekohoa. Nilimshusha kwa ngazi ghorofa zote kumi na moja, nikakimbia naye kliniki, akawekewa barakoa ya mvuke, akashika kidole changu na kunitazama kama vile ni mimi niliyemfunga pumzi. Tulitoka saa saba mchana. Jaribio lilikuwa saa tatu asubuhi. Nesi alinipa barua yenye muhuri.

Alhamisi nilisimama kwenye dirisha la ofisi ya mitihani, mtoto mgongoni. Ofisa ni mwanamke wa umri wa mama yangu. Alisoma barua, akairudisha.

"Hii ni ya mtoto. Nani alikuwa mgonjwa?"

"Mtoto."

"Mtoto ni mwanafunzi wetu?"

"Hapana."

"Wewe ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, lakini ningemwacha na nani?"

"Basi ulikuwa mzima na hukuja. Anayefuata!"

"Mama, nakuomba."

"Mimi si mama yako."

Sikuondoka. Niliketi pale ukutani mpaka foleni ikaisha kwa chakula cha mchana, naye akatoka kufunga mlango, funguo mkononi. Ndipo nilipofanya kosa langu. Nilidhani kwenye jengo ambalo jambo hili linafundishwa ghorofa ya juu, ghorofa ya chini watalitambua. Nikashuka. Magoti sakafuni, mikono miwili kwenye magoti yake, juu ya sketi, taratibu, kama mama alivyofanya. Nikasema, "Nipe hata dakika ishirini, nifanye jaribio hapahapa."

Alipiga ukelele. Funguo zikaanguka. "Usiniguse! Mlinzi! Ananishika!"

Mmoja wa wanafunzi waliokuwa bado ukumbini akasema, "Eish, dada, inuka, unajiaibisha." Mlinzi akaja akaniinua kwa makwapa, kanga ikachanika pindo. Alikuwa Mkongomani. Alinisogezea mdomo sikioni, akasema kwa Kiswahili chetu, "Dada, hapa haifanyikake hivyo. Watu ya hapa wanaogopa kuguswa." Hakukuwa na ubaya kwenye sauti yake. Ndicho kilichoniumiza zaidi.

Jioni nilimweleza mwenzangu wa chumba. Ni msusi kutoka Bukavu, tumegawana chumba kwa shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Alikuwa anachambua nywele za bandia kitandani.

"Weye! Ulimushika magoti? Juu ya mtihani?"

"Nilimshika."

"Mi ningemushika nywele. Nywele njo kazi yangu."

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Akaniletea chai, akamchukua mtoto upande wake wa shuka, akawa anamwimbia. Hakuniuliza kitu tena. Alinilisha kwanza. Hivi huyu alisomea wapi?

Jumatatu kadi yangu ilikataa getini. Taa nyekundu, mara tatu. Nikabaki nje na mtoto mgongoni, wenzangu wananipita, wengine wananisalimia "sharp, sharp" kama kawaida, hawajui. Nikamsubiri mhadhiri pale anaponunua karanga, ng'ambo ya robot, taa za kuongozea magari. Nilimweleza yote. Alisikiliza, nikiri hilo. Alikunja mfuko wa karanga akaukunja tena.

"Pole sana," akasema. "Lakini mimi nafundisha walichofanya wao. Kanuni za chuo situngi mimi."

"Ulisema ni aibu kumsukuma mwombaji."

"Nilisema. Ila hukumbuki mwisho wa somo. Wako waombaji wanaouawa mikono ikiwa bado kwenye magoti. Utenzi haumwahidi mtu kwamba atakubaliwa. Unachofanya ni kukumbuka aliyekataa alikuwa nani."

"Sasa utanisaidiaje?"

Alitazama magari. "Ipo fomu ya malalamiko. Ijaze. Ila mimi usinitaje."

Nilitaka kumpokonya zile karanga. Mzee aliyekaa na mashujaa maisha yake yote, na anaogopa fomu.

Jumatano ndiyo nikaitwa kwa mkuu wa ulinzi, ndipo ilipomwagika ile chai. Baada ya kelele zangu alifuta meza kwa mkono wa shati, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa pili. Kweli aliusoma, mdomo unacheza. Halafu akanisukumia kiti kwa mguu.

"Kaa. Mnyonyeshe au umpe chochote."

Nikakaa. Nikampa mtoto maji.

"Mimi naamini hukutaka kumdhuru," akasema. "Lakini taarifa imeshaandikwa, na mimi siwezi kuichana. Usipoipinga kwa maandishi mpaka Ijumaa, kadi inabaki imefungwa hadi kikao. Kikao ni baada ya mitihani."

"Kwa hiyo mwaka umekwenda."

Akafungua droo, akanipa fomu ya malalamiko.

Niliijaza saluni, Alhamisi, nimekaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, mtoto anachezea vibanio sakafuni. Mwenzangu alikuwa anamsuka mteja, anachungulia juu ya bega langu. "Weka matusi kidogo, wasikie." Sikuweka. Niliiandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikaipeleka Ijumaa asubuhi, nikamkabidhi mlinzi yule Mkongomani getini mbele ya mashahidi wawili, akanigongea muhuri kwenye nakala yangu. Nakala hiyo ninayo. Kwa lugha yangu inasema hivi:

Kwa Ofisi ya Malalamiko.

YAH: KUPINGA TAARIFA YA KUSHAMBULIA, NA KUOMBA KUFANYA JARIBIO

Napinga taarifa inayosema nilimshambulia ofisa wa mitihani. Sikumshambulia. Nilipiga magoti na kushika magoti yake kumwomba. Kwetu ndivyo mtu anavyoomba jambo asiloweza kuishi bila hilo. Somo la tenzi za kale, ambalo ni somo lenu, linaeleza desturi hiyohiyo. Nimeambatanisha ukurasa wa pili. Samahani, una alama ya chai.

Nakubali kwamba ofisa aliogopa. Sikujua ataogopa. Kwa hofu yake namwomba radhi, na nitamwomba ana kwa ana akitaka, nikiwa mbali naye kiasi atakachosema. Kwa kuomba kwangu siombi radhi.

Nalalamika kwamba barua ya kliniki ilikataliwa kwa sababu aliyeugua ni mtoto. Mtoto wa miaka miwili na nusu haendi kliniki peke yake. Kama kanuni yenu inasema mama yake alikuwa mzima na huru asubuhi ile, aliyeiandika hakuwahi kumbeba mtoto asiyeweza kuvuta pumzi. Nalalamika pia kwamba kadi yangu ilifungwa kabla sijaulizwa nilifanya nini.

Naomba neno "alimshambulia" lifutwe na liandikwe "alimwomba". Naomba kadi yangu ifunguliwe na nipewe jaribio kabla ya mtihani wa mwisho, siku yoyote, saa yoyote ya mchana, hata kama ni ukumbini nimesimama.

Kama jibu ni hapana, naomba liandikwe kwenye karatasi hii, chini ya jina langu, na aliyekataa aweke jina lake kamili. Sitaki jibu la kuambiwa dirishani.

Mkiniita nitakuja mara moja. Nitakuja na mtoto, kwa sababu sina pa kumwacha, na naomba safari hii tuwekewe kiti.

Mwanafunzi, kozi ya matayarisho.