Hereni za Baba Mkwe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana huko mbele sitaki kusikia mtu anacheka. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, sina homa wala sijaonja pombe. Mume wangu hajui yote. Wewe nakwambia kwa sababu hunijui.

Nina duka dogo la urembo hapa Soweto, Mbeya. Nauza hereni, miwani, mikufu, na saa za mkononi. Mwaka juzi nikanunua kishikwambi, nikaweka programu ya kujaribishia. Mteja anasimama mbele ya kamera, anajiona kama kwenye kioo, mimi nagusa picha ya hereni, na hereni zinamkaa masikioni palepale. Akigeuza shingo, nazo zinayumba. Kumbe ni picha tu, masikio yake matupu. Weee, wateja walijaa! Nikajiona mjanja wa mji.

Sasa kuna jambo la pili ulijue, la sivyo hutanielewa. Mimi ni Mnyakyusa, nimeolewa kwa Wanyakyusa, na kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia shambani, hata kama kuna tope hadi magotini. Najua wengi siku hizi wameacha, wanakaa na wakwe zao meza moja wanagombea kachumbari. Sisi hatukuacha. Baba mkwe akitaka kupita uani alikohoa kwanza. Kikohozi kimoja, kikavu. Mimi nikikisikia navuta kanga, najifunika, napotea jikoni. Nimempikia mzee yule miaka yote ya ndoa yangu, na sikuwahi kuujua uso wake. Picha yake ukutani niliipita nimeinamisha kichwa. Siku ya kumuaga, wenzangu walipanga mstari kwenye jeneza, mimi nilibaki na masufuria.

Mama mkwe alinisifu kwa hilo mpaka kanisani. "Mimi nina mkamwana," aliwaambia wenzake, "siyo hao wenu wa kukodoa macho." Sifa hiyo niliringa nayo kuliko hereni zote za dukani.

Basi, mzee akiwa amefariki karibu mwaka, tulikwenda nyumbani kwao Mbalizi kuandaa kipaimara cha binti wa Tumpe, wifi yangu. Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Mama mkwe yuko jikoni na ndizi zake. Mimi na wifi tumejikunyata sebuleni kwenye kochi, nyuma yetu kile kiti cha mzee ambacho tangu afariki hakijakaliwa na mtu.

"Hebu washa hicho kidude chako," wifi akasema, "nijaribu hereni za Jumapili."

Nikawasha. Ile programu, kila uso inaouona inauzungushia kimraba cha kijani. Kimraba kimoja kikamshika wifi, cha pili kikanishika mimi. Halafu kikaja cha tatu, nyuma yetu, juu ya kiti cha mzee.

Tukageuka wote. Kiti kitupu.

Hatukuogopa, nikudanganye nini? Mashine hizi hukosea. Siku moja dukani ilikivalisha miwani chungu cha maua. Kwa hiyo tukacheka, na mimi, kiherehere changu, nikakigusa kile kimraba cha tatu. Nikakivalisha hereni ndefu za pinki, zenye mashada ya nyuzi. Zikaning'inia hewani, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Nikaongeza miwani ya kike yenye vimetameta.

"Bibi harusi huyo!" nikasema kwa sauti. "Mahari yake ng'ombe wangapi?"

Wifi alicheka mpaka machozi. Ndipo mama akamwita, "Tumpe! Njoo uniinulie sufuria!" Akaondoka akijifuta macho, nikabaki peke yangu, bado natafuta mkufu wa kumalizia mzaha.

Nikasikia kikohozi. Kimoja, kikavu.

Niamini, mwili wangu ulikijua kabla mimi sijakijua. Mkono ulikwenda wenyewe begani kutafuta kanga, ukaishika. Ningejifunika pale, yangeisha. Sikujifunika. Nitasemaje? Nilitaka kumwona. Miaka yote ile napika chakula cha mtu nisiyemjua sura, nikasema moyoni, mara moja tu.

Kwenye kioo cha kishikwambi, nyuma ya ile miwani, yakaja macho. Kisha paji la uso, lina kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kisha mdomo wa mzee mpole. Hakuwa amekasirika. Wala hakuwa ananitazama. Macho yalikuwa yanahangaika, yanatafuta mahali pa kukaa, kama ya mgeni aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu. Nami bado nimemkodolea. Basi akainua mikono yake miwili, taratibu, akajifunika uso. Zile hereni za pinki zikawa zinayumba pembeni ya viganja vyake.

Marehemu ndiye aliyeona haya. Mimi niliye hai nilikuwa natazama.

Nilikimbilia jikoni, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamweleza yote, na wifi amesimama na sufuria mkononi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kovu upande gani?"

"Kushoto, mama. Juu ya nyusi."

"Alijikata na panga kwenye migomba, kijana bado. Kwenye ile picha ya ukutani aligeuka, halionekani." Angenitukana ningepata nafuu. Akasema tu, kwa upole, "Lakini mwenzio alikohoa, mwanangu. Alikohoa."

Asubuhi tulikwenda kaburini na kuku. Niliomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, nimeligeuzia kaburi mgongo, kanga kichwani hadi kidevuni. Kama alinisamehe sijui. Mama mkwe bado ananiita mwanangu, na ndizi ananitumia. Ila ile sifa ya kanisani hajaitamka tena hata mara moja, na mimi sithubutu kuuliza.

Biashara sikuacha, watoto wanakula. Ila ukija dukani utanisikia nakohoa kabla sijawasha kile kishikwambi. Wateja wananipa pole, wananishauri tangawizi, eti baridi ya Mbeya hii. Naitikia asante. Halafu nageukia ukutani kidogo, ili yeyote aliyepo apate nafasi ya kupita.

Na wewe mwenye simu yako, unayejivalisha miwani na kofia za picha ukacheka na wenzako: kimraba kikikaa pasipo na mtu, usikiguse, wala usitake kujua ni nani. Jifunike uso wewe kwanza. Huenda mwenzio hana kanga.